Mara Tatu Ukutani

Sanduku la Mama Euphrasie liliibwa ndani ya ukuta. Halikuibwa chini ya kitanda wala juu ya kabati. Liliibwa kati ya tofali na tofali, mahali lilipokaa miaka ishirini na miwili bila kuguswa na mtu.

Jambo hilo lilijulikana siku ya Alhamisi, saa mbili na dakika kumi asubuhi, katika nyumba moja ya mtaa wa Kasuku, mjini Kindu, mbele ya kamera na watu wasiopungua arobaini. Ferdinand, fundi mwashi, alinyanyua nyundo. Tofali la kwanza likaanguka, la pili likalifuata, na kina mama waliojaa dirishani wakapiga vigelegele kabla ya wakati. Ferdinand akaingiza mkono hadi begani. Akautoa. Akaingiza taa, akachungulia.

"Mama," alisema, "humu hamuna kintu."

Gédéon alikuwa amesimama pembeni na fimbo yake ndefu yenye mikro, kaske masikioni. Kazi yake ilikuwa kunasa sauti za kipindi cha televisheni kinachoitwa Nyumba Isimame. Kipindi hicho huchukua nyumba iliyochoka na kuitengeneza kwa siku saba huku mji mzima ukitazama. Kwa hiyo alisikia kwa karibu kuliko wote: nyundo ikiwekwa chini polepole, mtu akikohoa dirishani, na Mama Euphrasie akivuta pumzi bila kuitoa. Hakuzima mashine. Mtu wa sauti hazimi mashine kwa sababu watu wamehuzunika.

"Angalia tena," Mama Euphrasie alisema.

"Nimeangalia, Mama. Iko makapi ya mpunga tu."

"Ferdinand. Wewe njo ulilala humu usiku wa jana, si mwingine."

"Nililinda simenti, Mama."

"Ulilinda simenti! Na sanduku la mume wangu ulimwachia nani alilinde?"

Princesse, binti wa Mama Euphrasie, akamshika mama yake mkono. Mama akautoa. Kila mtu alijua kuwa Jumamosi ya wiki hiyo, katika nyumba hiyo hiyo, Ferdinand alikuwa amuoe Princesse. Nguo zilikuwa kwa mshonaji. Mchele ulikuwa umeshafika kutoka Kibombo.

"Sikilizeni wote," Mama Euphrasie alisema. "Sanduku lisiporudi leo, Jumamosi hakuna ndoa. Siwezi kumupa mwizi mutoto wangu. Na ikifika saa kumi, mimi niko naenda polisi."

Ferdinand aliifuta nyundo kwa shati lake, akaifuta tena, ingawa ilikuwa safi.

Albertine, mwongozaji wa kipindi, alimvuta Gédéon nje. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita pikipiki kutoka ng'ambo ya mto Lualaba.

"Ya Gédé, wewe unaijua nyumba hii zaidi yetu. Tuna saa ngapi?"

"Chini ya nane."

"Basi fanya kitu. Kijana akipelekwa polisi, kipindi kimekufa, na mimi nitarudi kuuza mafuta ya mawese sokoni."

Ilikuwa kweli kwamba Gédéon aliijua nyumba. Aliacha shule darasa la sita, akazunguka mitaani, hadi Mzee Onema, mume wa Mama Euphrasie, alipomchukua katika redio ndogo ya mji alikokuwa fundi mitambo na mtangazaji wa mpira. Onema alimfundisha kila kitu: kusokota waya, kuchagua mikro, na zaidi ya yote kimya. Kila chumba kina kimya chake, Onema alikuwa akisema, na ukikiacha bila kukirekodi utakitafuta kesho usikipate. Kwa hiyo kila siku ya kazi, katika kila chumba, Gédéon huweka mikro kwenye kona, hugonga ukuta mara tatu kwa kidole ili baadaye ajue mahali pa kuanzia, kisha hukaa kimya kwa sekunde thelathini. Anafanya hivyo hata pale ambapo hakuna anayehitaji. Albertine huita jambo hilo sala ya Gédéon.

Onema alifariki kwa ugonjwa miaka kumi na mitano nyuma. Sanduku aliliweka ukutani mwaka wa 2002, katika vita ya pili. Waasi walikuwa wameushika mji, wapiganaji wa Mai-Mai walikuwa msituni pande zote, na kila jeshi lililopita lilibeba godoro, sufuria, hata milango. Onema alijenga ukuta wa pili mbele ya ukuta wa nje wa chumba cha nyuma, akaacha nafasi ya mkono mmoja katikati, akaliingiza sanduku humo na kuzungushia makapi ya mpunga, kisha akapiga lipu. Waliokuja kupora waliegemeza bunduki zao kwenye ukuta huo wakanywa maji. Hawakujua lolote.

Kwa nini halikutolewa vita ilipokwisha? Kwa sababu boriti ya paa Onema aliihamishia juu ya ukuta ule wa pili. Kuuvunja ni kushusha nyumba, na mjane hakuwa na uwezo wa kuijenga upya. Alingoja, ingawa humo mlikuwa na vitenge vilivyowekwa kwa ajili ya arusi ya Princesse. Kipindi kilipokuja na simenti yake na nguzo za kushikilia paa, akaona siku imefika.

Gédéon alianzia kwa Ferdinand. Walikaa juu ya rundo la mbao uani.

"Jumatatu ulikuwa wapi?"

"Asubuhi hapa, tulipiga lipu ukuta wa nje. Saa nane mchana nikaondoka na Florentin kwenda Kibombo kuchukua mbao. Kamera yake ilinifuata njia nzima, hata kwenye matope."

"Mlirudi lini?"

"Jana, Jumatano, saa saba mchana. Yaya, kaka yangu, barabara ile unaijua. Tulisukuma gari kuliko lilivyotubeba."

"Kisha ukalala humu peke yako."

"Nikalala kama maiti." Ferdinand akainua macho. "Yaya Gédéon, kama ningetaka kuiba sanduku la Princesse, si ningengoja siku mbili tu liwe langu?"

Lilikuwa jibu zuri. Lakini jibu zuri si ushahidi, na Gédéon alimwambia hivyo bila kupaka asali.

Akazunguka nyuma ya nyumba. Kati ya ukuta wa nje na ua wa matete wa jirani kulikuwa na kinjia chembamba cha kupita mtu mmoja. Ukuta wote ulikuwa na viraka vya lipu mpya. Kimoja, usawa wa kiuno, nyuma ya chumba chenyewe, kilikuwa cheusi zaidi kidogo, hakijakauka kama vingine. Alikibonyeza. Kidole kikaingia.

Kwa hiyo mwizi hakupita ndani. Alitoa matofali kwa nje, akavuta sanduku, akarudisha matofali, akapiga lipu. Kazi ya mtu anayejua mwiko.

"Njo fundi huyo," sauti ilisema nyuma ya matete. "Mimi siko polisi, lakini macho niko nayo."

Ilikuwa Papa Israël, jirani, mwenye miaka sitini na mabega ambayo bado yalikuwa ya mchezaji. Shingoni alining'iniza redio yake kwa mkanda wa mkoba. Hakuna aliyewahi kumwona bila redio hiyo. Spika yake ilipasuka zamani, akaiziba kwa kipande cha kibofu cha mpira, na tangu siku hiyo kila sauti nzito ilitoka ikikoroma kama mbuzi mwenye kikohozi. Tangu Jumatatu Gédéon alikuwa akimsihi aizime walau dakika mbili wakati wa kurekodi.

"Bibi nilimupa talaka," Papa Israël alimjibu siku ya kwanza, "redio hapana."

Mtaa mzima ulimheshimu. Alikuwa nahodha wa timu ya mtaa iliyokwenda Kailo mwaka wa 1998 ikarudi na kombe, na yeye ndiye aliyefunga penalti ya mwisho. Kipa kushoto, mpira kulia. Aliisimulia hadithi hiyo kila msiba, kila arusi. Vijana walimwita Penati, naye aliitika.

"Papa Israël, tangu Jumatatu hukuona mtu kwenye kinjia hiki?"

"Tangu Jumatatu? Sikuona muntu. Kila siku naketi mbele ya nyumba yangu, na redio yangu, hadi jioni." Akamsogelea. "Lakini nikuulize, Masikio. Yule wa kamera, Florentin. Leo saa kumi na mbili asubuhi alikuwa anazunguka hapa. Alitafuta nini?"

Gédéon akaenda kumuuliza Florentin. Mpiga kamera alikuwa anakula mandazi na alikasirika hadi makombo yakamtoka.

"Nilitafuta jua! Jua la asubuhi kwenye mabati mapya. Unataka kuliona? Lipo kwenye kadi. Halafu jiulize vizuri: sanduku la chuma, mimi na kamera hii mgongoni, ningelibeba kwa meno?"

Picha zilikuwepo, na saa yake ilionekana. Dakika kumi za jua na mabati, na mbuzi mmoja.

Saa tano ilipofika, Papa Israël alikuwa ameshamwambia kila mtu uani wazo lake jipya: aliyeachwa peke yake na chumba kile kila siku ni Gédéon mwenyewe, mwenye desturi ya kuwafukuza watu wote na kugonga ukuta kama anayeupima. Watu wakaanza kumtazama Gédéon. Mama mmoja alivuta beberu wake karibu.

"Na kweli," Albertine alisema, nusu kwa mzaha, "unagonga gonga nini mule?"

Gédéon alisimama kama aliyemwagiwa maji.

"Shefu," alisema, "umenipa dawa."

Alipanda kwenye gari la kipindi, akafunga milango, akavaa kaske. Akatafuta Jumatatu, chumba cha nyuma, saa sita mchana. Ko, ko, ko. Sauti fupi, nzito, iliyokufa papo hapo, kama kugonga gunia la mpunga. Ndivyo ilivyopaswa kuwa: nyuma ya tofali palikuwa na sanduku lililoshindiliwa vitenge na makapi.

Kisha Jumatano, chumba hicho hicho, kona hiyo hiyo, saa sita kasoro dakika kumi. Kooo, kooo, kooo. Ukuta uliitika. Ulikuwa tupu kama ngoma.

Gédéon alijitukana kwa sauti. Kidole kilikuwa chake, mbele ya ukuta alisimama mwenyewe, lakini Jumatano ile kaske ilikuwa shingoni kwa sababu Albertine alikuwa akimpigia kelele aharakishe. Mikro ilisikia, yeye hakusikia.

Lakini sasa alikuwa na kitu. Jumatano kabla ya saa sita sanduku lilikuwa limekwisha kutoka. Ferdinand na Florentin walikuwa bado barabarani na mbao zao, wakisukuma gari. Walirudi saa saba.

Ikabaki Jumanne.

Jumanne mafundi wawili walipigilia mabati juu ya paa, na Gédéon alitaka sauti ya misumari kutoka ndani, jinsi mwenye nyumba angeisikia. Aliacha mashine chumbani saa sita na dakika arobaini, akafunga mlango, akaenda na Albertine kula bugali na sombe. Alirudi saa nane na dakika kumi. Albertine alitumia dakika mbili tu za rekodi hiyo. Karibu saa nzima na nusu iliyobaki hakuna aliyeisikiliza.

Aliisikiliza sasa. Mwanzo, ko, ko, ko: ukuta umejaa. Kisha nyundo juu ya bati, mbili, zikipokezana. Dakika ya kumi na mbili ikaingia sauti nyingine, nje, nyuma ya ukuta: wimbo hafifu, umezibwa na matofali. Dakika ya kumi na tano, chini ya wimbo, patasi. Ilipiga kila nyundo za juu zilipopiga. Mtu mwerevu.

Dakika ya ishirini kamili, yaani saa saba mchana, wimbo ulikatika na habari zikaanza. Na dakika ya thelathini na moja Gédéon aliruka kitini. Sauti ya mtangazaji ilifunguka ghafla, kama mtu aliyeondoa mkono mdomoni. Matofali yalikuwa yametolewa. Sasa kati ya redio na mikro palibaki ukuta wa Onema tu.

Kitu kizito kikakwaruza kwenye mawe. Mtu akaguna. Dakika ya sitini na nane, habari na matangazo ya vifo yakiwa yamekwisha, sauti ikazibwa tena, polepole, tofali kwa tofali. Dakika ya themanini, redio ikaondoka.

Gédéon alivua kaske. Alikuwa anatabasamu, ingawa hakutaka. Hakuwa amesikia uso wa mtu, wala jina. Lakini ndani ya sauti ile ya mtangazaji, kila neno lilipokwenda chini, mbuzi mwenye kikohozi alikuwa anakoroma.

Saa tisa na nusu, uani, watu walikuwa wengi kuliko asubuhi. Mama Euphrasie alikaa na mkoba mapajani, tayari kwenda polisi. Ferdinand alikaa peke yake, na Princesse, bila kumwuliza mtu, akavuta kiti akaketi naye.

"Mama," Gédéon alisema, "kabla hujaondoka, naomba masikio yako kwa dakika tano."

Akaweka spika juu ya meza. Akawachezea Jumatatu, kisha Jumatano, akaeleza. Mama Euphrasie akaomba arudie. Akarudia.

"Jumatano kabla ya saa sita Ferdinand alikuwa wapi?" Gédéon aliuliza.

"Njiani kutoka Kibombo," Florentin alidakia, "na mimi, na kamera yangu, na matope yangu!"

Watu wakacheka. Mama Euphrasie hakucheka, lakini mkoba ulishuka kutoka mapajani hadi chini.

"Basi nani?"

Gédéon akaichezea Jumanne, kuanzia dakika ya thelathini. Sauti ya mtangazaji ikafunguka, ikajaza ua. Halafu mama mwenye beberu akashika mdomo. Mtu mmoja nyuma akaanza kucheka kwa pua. Vichwa vikageuka, kimoja kimoja, kuelekea ua wa matete.

"Redio ni nyingi Kindu," Papa Israël alisema.

"Ni nyingi, Papa. Washa yako."

"Betri imekwisha."

"Imekwisha saa ngapi? Saa nane ilikuwa inaimba."

"Masikio, niheshimu. Mimi ni mukubwa wako."

"Ninakuheshimu. Ndiyo maana sikugusi. Washa tu."

Papa Israël alitazama pande zote, akaona hakuna njia isiyo na mtu. Akawasha. Ilikuwa ngoma ya kwaya, besi nzito, na redio ikakoroma mbele ya watu wote, sawasawa na ile ya mezani. Ua mzima ukalipuka kwa kicheko. Hata yeye mdomo ulimcheza. Kisha akaketi chini, juu ya tofali, kama mtu aliyetembea kutoka mbali.

"Papa Israël," Mama Euphrasie alisema. "Wewe ulijenga ukuta ule pamoja na Onema. Nilisema Jumatatu mbele ya kamera: wanaume wawili, siku mbili. Umekula mezani kwangu miaka yote. Ungetaka vitenge vya mutoto, si ungeniomba?"

"Sikutaka vitenge."

"Ulitaka nini?"

Gédéon ndiye aliyetoa jibu, maana alikuwa ameliona tangu kwenye gari, na halikumfurahisha.

"Alitaka kanda. Jumatatu Mama alisema humo mna vitenge sita, radiokaseti na kanda za Mzee Onema. Mimi nikajigamba mbele ya wote. Nilisema nikizipata kanda za mpira nitazifufua na kuzirusha hewani, Kindu nzima isikie. Papa alikuwa amesimama hapo mlangoni. Onema alikuwa Kailo siku ya fainali, na mashine yake. Papa, kuna nini kwenye kanda ile?"

"Iko mimi," Papa Israël alisema. "Mimi na penalti yangu. Nilipiga juu."

Watu wakaguna.

"Juu sana. Mpira ulikwenda kwenye mihogo. Aliyefunga ni Ange, yule mufupi wa winga, fundi baiskeli. Yeye njo alitupa kombe. Siku ile ile vita ikaanza mashariki, redio ikawa na habari za vita tu, mpira haukutangazwa. Mwaka uliofuata Ange alisukuma baiskeli ya chumvi kwenda Kisangani, hakurudi. Wengine wakafa, wengine wakahama. Watu wa Kailo walikumbuka wameshindwa tu, hawakukumbuka na nani. Siku moja, katika msiba, muntu akauliza, nani alifunga? Nikasema mimi. Nilikuwa na njaa, Mama. Nilipewa nyama. Kisha nikaendelea kusema."

"Na Onema?"

"Onema alijua. Hakunisema. Tulipokuwa tunajenga ukuta alinionyesha kanda, akacheka, akaiweka sandukuni. Nikajua ukuta ule hautavunjwa milele. Na sasa hawa wakaja na simenti yao." Akanyanyua mikono. "Sanduku iko chini ya kitanda yangu. Sikutoa kintu."

"Kanda umeisikiliza?" Albertine aliuliza.

"Na nini? Radiokaseti ya Onema haina betri, na mimi niko na redio tu. Kanda haina pa kuingia."

Hapo hata Ferdinand alicheka.

Vijana wawili walilileta sanduku. Mama Euphrasie alilifungua mwenyewe. Vitenge vilikuwa vimekunjwa vizuri, lakini kimoja kilikuwa na doa kubwa la maji. Mvua ya Jumanne jioni ilikuwa imeingia nyumbani kwa Papa Israël. Chini yake, radiokaseti, na kanda nane. Gédéon akaichukua yenye mwandiko wa Onema: Kailo, fainali. Akasafisha kichwa cha radiokaseti, akaigeuzageuza kanda mkononi, akaiangalia pembeni. Halafu akaanza kucheka, akacheka hadi akalazimika kukaa.

"Papa Israël. Mechi ilikwisha vipi? Sare?"

"Moja moja. Dakika tisini. Halafu nyongeza dakika thelathini. Halafu penalti."

"Papa, hii ni kanda ya dakika tisini. Njo yote. Nyingine ya Kailo hakuna."

Alichomeka betri mpya, akasogeza kanda hadi mwisho kabisa. Mtetemo, kelele za umati wa zamani, na juu yake sauti ya mwanaume, yenye haraka na furaha:

"...dakika ya themanini na tisa, bado moja moja, na kanda yangu iko karibu kuisha, ndugu wasikilizaji. Yatakayofuata mtaniuliza barabarani. Mama Euphrasie, kama unanisikia, niwekee chak..."

Kanda ikakatika.

Princesse alikuwa na miaka tisa baba yake alipofariki. Alifunika uso kwa mikono yote miwili, na mabega yakamtetemeka, na ilichukua muda watu kuelewa kwamba anacheka. Mama Euphrasie alisema, "Rudisha." Gédéon akarudisha. Akarudisha mara kumi na moja.

"Kwa hiyo niliiba bure," Papa Israël alisema. "Na nimejisema bure."

"Bure kabisa," Gédéon alimjibu. "Ungekaa kimya ungebaki Penati hadi kaburini."

Mama Euphrasie hakwenda polisi. Alihukumu mwenyewe, amesimama, mkono kiunoni. Papa Israël angejenga ukuta, pande zote mbili, chini ya amri ya Ferdinand. Angeleta mbuzi. Na Jumamosi, mbele ya wageni, angesimulia fainali ya Kailo jinsi ilivyokuwa. Kisha akamgeukia Ferdinand.

"Mukwe," alisema, "umekula leo?"

"Hapana, Mama."

"Basi njoo ule."

Ndoa ilifungwa Jumamosi saa nne. Papa Israël alisimama baada ya chakula, akapiga hatua tatu za kuukimbilia mpira, akaupiga ule mpira wa hewa kwa nguvu zake zote, akaufuata kwa macho hadi kwenye mihogo. Wageni walicheka hadi sahani zikadondoka. Mzee mmoja kutoka Kailo alisema hajawahi kuisikia hadithi nzuri kama hiyo. Kisha Papa Israël akataja jina la Ange, taratibu, mara mbili, na watu wakasimama wenyewe bila kuambiwa.

Hasara ilikuwa hii. Matofali thelathini na saba. Mfuko mmoja na nusu wa simenti. Siku moja na nusu ya kazi. Kitenge kimoja kati ya sita. Mbuzi mmoja. Bwana arusi kuitwa mwizi mbele ya watu arobaini, kwa muda wa saa saba na dakika ishirini. Na goli moja, lililotoka kwa Papa Israël likarudi kwa Ange, baada ya miaka ishirini na sita.